Maneno ya Kikantoni Kuhusu Fahari Tupu na Maisha ya Israfu: Matatizo ya Kuyapatia Visawe

Kuna msemo wa Kikantoni usemao “jyu ci lou faan”. Ukifasiriwa neno kwa neno, maana yake ni ‘kuchanganya wali na mapezi ya papa’. Msomaji wa Kilwa, Tanga au Lamu akiukuta msemo huo katika tafsiri, picha itakayomjia ni ya sinia la wali na mchuzi wa papa mkavu, yaani kitoweo cha mtu wa kawaida, ambacho aghalabu huliwa siku ambayo nguru hakununulika. Mkantoni akiusikia humjia picha iliyo kinyume kabisa: watu waliolewa mali, wanaokula kitu cha bei kubwa mno kama kwamba ni mchuzi wa kumwagia wali tu. Mfasiri aliyefasiri kwa uaminifu kila neno la msemo huo atakuwa ameigeuza maana juu chini, na hakuna atakayemshika kosa kwa kutazama kamusi.

Tumeanza na mfano huo kwa sababu unaonyesha vizuri tatizo tunalokusudia kulijadili. Kila lugha ina hazina ya maneno ya kumsema mtu apendaye makuu, ajionyeshaye, au atumiaye mali bila kadiri. Katika Kikantoni hazina hiyo ni kubwa, na sehemu yake iliyo bora haimo katika vitabu vya kale bali imo katika mazungumzo ya sokoni, mikahawani na katika filamu. Kiswahili nacho si maskini hata kidogo katika uwanja huu. Lakini mfasiri mwenye haraka huyachukua maneno mawili tu, majivuno na anasa, akayamimina juu ya kila kitu, mpaka watu kumi waliokuwa wakisemwa kwa namna kumi wakafanana wote.

Kwanza maelezo machache. Kikantoni ni lugha ya mji wa Guangzhou, ambao wageni waliuita Canton, na ya sehemu kubwa ya mkoa wa Guangdong kusini mwa China. Ndiyo pia lugha ya watu wengi wa Hong Kong na Macau, na ya Wachina wengi waliohamia ng’ambo. Haielewani kwa masikizi na Kichina sanifu cha Beijing, ingawa wasemaji wa lugha hizo mbili hutumia maandishi yaliyo karibu sana. Tahajia tunayoitumia hapa ni ile iitwayo Jyutping, iliyotolewa mwaka 1993 na chama cha wanaisimu wa Hong Kong. Kwa kawaida kila silabi hufuatwa na tarakimu ya kuonyesha toni yake, kwani toni ziko sita na hubadili maana. Sisi tumeziacha tarakimu hizo ili msomaji asizongwe. Herufi c isomwe karibu na ch yetu, na z isomwe baina ya j na ts.

Je, mfasiri wa Kiswahili hukutana wapi na maneno haya? Filamu za Hong Kong zimeonyeshwa katika majumba yetu ya sinema tangu miaka ya 1970, na baadaye zikasimuliwa kwa Kiswahili katika vibanda vya video, ambako msimulizi alilazimika kupata kisawe papo hapo bila ya kufungua kamusi yoyote. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ile ya Mao Doudou na mama wakwe zake. Hiyo asili yake si ya Kikantoni, lakini ilifungua mlango ambao kazi nyingine zimeupitia. Tena kuna barua za biashara, hati za mahakama na taarifa za wasafiri. Humo maneno ya kumsema mtu hayawi tena jambo la kuchekesha.

Turudi kwenye mapezi ya papa. Msemo huo ulivuma Hong Kong wakati wa homa ya hisa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kipimo cha bei za hisa cha Hang Seng, kilichoanzishwa mwaka 1969, kilipanda mpaka kufikia 1,774.96 tarehe 9 Machi 1973. Watu wa kila daraja walinunua hisa, na wako walioacha kazi zao ili washinde kwenye vibao vya bei. Waliopata fedha kwa wepisi walizila kwa wepisi, na pezi la papa, ambalo kwa desturi ni supu ya harusi na karamu kubwa, likawa kitu cha kumwagia wali wa mchana. Kisha bei zikaporomoka. Tarehe 10 Desemba 1974 kipimo hicho kilikuwa kimeshuka mpaka 150.11. Kwa hiyo anayeutamka msemo huo leo hasemi habari ya utajiri tu. Husema habari ya utajiri usio na mizizi, na msikilizaji wake anajua mwisho wa kisa. Kiswahili tunacho kisemwacho ‘ponda mali, kufa kwaja’, ambacho kina ule ukaidi wa mlaji lakini hakina soko la hisa ndani yake. Hata hivyo, katika mazungumzo ya filamu kinatosha, na ni bora kuliko wali na papa.

Pezi la papa huenda pamoja na vitu vingine vitatu katika msemo “baau sam ci tou”, yaani abaloni, jongoo bahari, pezi la papa na bondo la samaki. Hivi ndivyo vyakula vinne vikavu vya baharini ambavyo vikitajwa pamoja humaanisha meza ya kitajiri. Abaloni ni aina ya konokono wa baharini asiye na jina lililoenea kwetu. Hivyo vitatu vilivyobaki, jambo la ajabu, tunavijua sana, kwani hutoka katika maji yetu. Majongoo bahari huokotwa katika miamba ya pwani yetu, yakachemshwa, yakakaushwa na kupelekwa Hong Kong, na muokotaji mwenyewe hawezi kumtia mdomoni hata mmoja. Mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria hununuliwa Mwanza na Kisumu kwa ajili ya soko hilo hilo. Basi mfasiri anapoandika ‘walikula majongoo bahari na mabondo’ msomaji wa Mwanza atafikiri watu hao walikuwa na njaa. Dawa si kuvificha vitu hivyo. Dawa ni kuongeza maneno machache, mathalani ‘karamu ya vyakula vya thamani, mapezi ya papa na majongoo bahari’, ili thamani itangulie na jina lifuate. Katika jambo hili tunatofautiana na wale wasemao kwamba mfasiri haruhusiwi kuongeza neno.

Uwanja wa pili, na kwa maoni yetu ndio mtamu zaidi, ni ule wa maji. Katika Kikantoni cha mazungumzo fedha huitwa “seoi”, maji. ‘Donge moja la maji’ ni dola mia moja za Hong Kong. ‘Kurudisha maji’ ni kumrudishia mnunuzi fedha zake. Hapo ndipo ulipopatikana msemo “sai goek m maat goek”, ‘kuosha miguu bila ya kuifuta’. Mtu huyo ametoka kuosha miguu akapita nyumbani na maji yakimdondoka kila anapokanyaga. Tena “sai” ya kuosha na “sai” ya kutumia fedha zina sauti moja na toni moja, kwa hiyo sikio la Mkantoni husikia maana mbili kwa mara moja.

Mchezo huo wa sauti hauwezi kuhamishwa. Lakini picha yenyewe si ngeni kwetu. Waswahili humwita bahili ‘mkono wa birika’, kwa kuwa mdomo wa birika hutoa maji kwa uchache. Hapo tena maji ndiyo mali, na tabia ya mtu hupimwa kwa jinsi yanavyomtoka. Kwa kuwa bahili wa Kiswahili na mbadhirifu wa Kikantoni hukutana katika chombo kimoja, mfasiri hodari anaweza kuandika ‘huyu hana mkono wa birika, ni mtungi uliotoboka’, akajenga tamathali mpya juu ya msingi wa zamani. Katika hati rasmi itatosha kusema ‘fedha hazikai mkononi mwake’.

Tumeandika ‘mbadhirifu’ hapo juu, nasi tunaomba msomaji atulie juu ya neno hilo, hasa akiwa mtumishi wa serikali. Kikantoni kina neno “daai faa tung” la kumwita mtu anayetumia fedha ovyo. “Daai” ni kubwa na “tung” ni bomba au mwanzi. Huelezwa kuwa bomba lenyewe ni lile la fataki, ambalo hutoa cheche nyingi za kupendeza kwa dakika chache kisha likabaki tupu. Neno hilo si tusi zito. Mke huweza kumwita mumewe hivyo kwa kucheka, na mama humwita binti yake arudipo na mizigo kutoka madukani. Fedha anazozimaliza ni zake.

Kamusi nyingi zitamwelekeza mfasiri kwenye mbadhirifu. Kwa asili si kosa: neno hilo limetoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu huzitofautisha israfu, ambayo ni kupita kiasi katika jambo lililo halali, na ubadhirifu, ambao ni kuitupa mali mahali isipostahili. Lakini lugha ya utawala imelivuta neno hilo upande wake. Leo hii ‘ubadhirifu’ katika taarifa ya ukaguzi au katika hati ya mashitaka Tanzania ni matumizi mabaya au wizi wa mali ya umma au ya mwajiri, na ni kosa la jinai. Hali kadhalika ‘ufujaji’. Sasa na tuchukue barua ya mfanyabiashara anayemwonya mwenzake kuwa mshirika wao ni “daai faa tung”. Ikifasiriwa ‘mshirika wetu ni mbadhirifu’, na barua hiyo ikafika mbele ya hakimu, mtu aliyekuwa akisemwa kwa kupenda karamu na viatu vya bei atakuwa ameshitakiwa wizi. Si mfasiri atakayekwenda kujieleza. Tunapendekeza kwa neno hili ‘mtumiaji ovyo’ au ‘mwenye israfu’, na ‘mbadhirifu’ libaki pale ambapo fedha ni za mwingine.

Wala asijaribu kuokoka kwa kuifasiri picha. ‘Fataki kubwa’ ingekuwa tafsiri nzuri pengine popote duniani isipokuwa Tanzania, ambako tangu kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 fataki ni mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Hilo nalo lingempeleka mtu mahakamani.

Mpaka hapa tumewasema wenye mali, au angalau walio na fedha mkononi. Kikantoni huwatenga kabisa na wale wasio nazo ambao hujionyesha kuwa wanazo. Hawa husemwa “cung daai tau gwai”, ‘kujifanya mzuka wa kichwa kikubwa’. “Cung” kwa asili ni kujaza, kisha kwa maana ya pili ni kujifanya. Ndiye anayegombania kulipia chakula cha wote mkahawani na kesho yake akaenda kukopa nauli. Msemo huu una ukali usiomo katika ule wa bomba la fataki, kwani hauchomi matumizi, huchoma uongo.

Kiswahili kina silaha yake hapa, nayo ni ya kisarufi: kitenzi ‘kujitia’. Mtu hujitia ukubwa, hujitia utajiri, hujitia ubwana mkubwa. Kiambishi -ji- pamoja na -tia hufanya kazi ile ile ya “cung”, hata kwa maana ya kujaza. Kwa hiyo ‘kujitia bwana mkubwa’ tunakiona kuwa kisawe kilicho karibu sana, na tunashangaa kuona wafasiri wakiandika ‘ana majivuno’. Mwenye majivuno yumkini anacho cha kujivunia. Mzuka wa kichwa kikubwa hana.

Kuna na wa tatu, ambaye anavyo kweli, na wala havimalizi, ila hawezi kukaa bila ya watu kuviona. Huyo Wakantoni husema “saai meng”: ‘anaanika majaliwa yake juani’. “Saai” ni kuanika nguo au samaki, na “meng” ni ajali, kudura, majaliwa aliyozaliwa nayo mtu. Mama anayetaja shule ya mwanawe katika kila sentensi, au kijana anayeweka picha ya chakula chake na saa yake katika simu ili walimwengu waone, wote huanika majaliwa. Magenge ya wahalifu nayo yakikusanya watu wao barabarani kuonyesha nguvu husemwa “saai maa”, yameanika farasi.

Msomaji ataona mara moja kwamba kuanika tunako. Ila katika Kiswahili kinachoanikwa, kikitoka kuwa mpunga au nguo, huwa ni siri au aibu: ‘kamwanika mwenzake’ maana yake kamfedhehesha. Ukiandika ‘anaanika maisha yake’ msomaji atangojea habari mbaya. Hapa tunaona heri kuiacha picha na kuandika ‘anajionyesha neema yake’ au ‘anajishaua’, kwa kadiri ya ukali unaotakiwa. Jambo moja la kuhifadhiwa ni hilo neno majaliwa. Msemo wa Kikantoni haumlaumu mtu kwa alichokichuma. Humkumbusha kwamba alijaliwa.

Maneno ya kujisifu kwa kinywa tutayapita upesi. “Saa can”, ‘mchanga na vumbi’, husemwa juu ya mtu wa mbwembwe na dharau. Asiletwe katika Kiswahili na vumbi lake, kwa sababu kwetu anayetimua vumbi anafanya kazi au anacheza mpira. “Ngaa caat”, ambalo kwa sauti ni karibu sawa na neno la mswaki, ni mwenye majigambo, na watazamaji wa filamu za Wong Fei-hung wanamjua mwanafunzi wake mmoja aliyebeba jina hilo. ‘Mjigambi’ latosha. “San gwong geng leng”, ‘mwili wang’aa, shingo yapendeza’, huonekana kama lawama lakini mara nyingi ni sifa ya mavazi tu: mtanashati. Na “fut lou”, tajiri, kwa herufi ni ‘mtu mpana’. Msomaji atafurahi kujua kwamba Mswahili asemapo ‘mwenye nafasi’ amepita njia ile ile.

Warithi wanahitaji uangalifu zaidi. Kijana wa tajiri asiyefanya kazi huitwa “ji sai zou”, ‘mkuu wa kizazi cha pili’, na wengi huuhusisha msemo huo na mfalme wa pili wa nasaba ya Qin, aliyetawala tangu 210 hadi 207 kabla ya Kristo na kuangusha dola aliyoijenga baba yake. Mwenzake ni “baai gaa zai”, kijana anayeiangamiza nyumba yao, yaani mali na jina la ukoo. Wafasiri wawili wanaweza kujikwaa hapa. Wa kwanza ataandika ‘mvunja nyumba’, na wasomaji watadhani ni habari ya ndoa. Wa pili ataandika ‘mwana mpotevu’, na wasomaji Wakristo watangoja arudi kwa baba yake na kuchinjiwa ndama, wakati kijana wa Kikantoni hatubu. ‘Mla urithi’ ni neno fupi, halina mwangwi wa kitabu chochote, na mtu wa kawaida atalielewa.

Kwa kitu kizuri nje na kibovu ndani, Wakantoni pamoja na Wachina wengine husema ‘mto wa kulalia uliotariziwa’, “sau faa zam tau”: hariri nje, makapi ndani. Hapa Kiswahili hakihitaji msaada: ‘uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti’. Ni mara chache lugha mbili zilizo mbali hukutana hivi, na mfasiri asiitumie fursa hii vibaya kwa kuutafsiri mto.

Limebaki neno rasmi linaloyakusanya haya yote katika magazeti na mahubiri, “heoi wing”, ambalo ni la Kichina chote. “Heoi” ni tupu, “wing” ni utukufu. Mtu hushutumiwa kuwa ‘anatamani utukufu mtupu’. Wako wanaolipa kisawe cha ubatili, kwa kufuata wafasiri wa Biblia katika kitabu cha Mhubiri. Lakini huko ubatili ni hali ya mambo yote ya dunia, ya mwenye hekima na ya mpumbavu sawasawa, ilhali “heoi wing” ni tabia ya mtu fulani, nayo yaweza kuachwa. Zaidi ya hayo, mahakama zetu zimelichukua batili kwa mkataba au ndoa isiyo na nguvu kisheria. Tunapendekeza ‘fahari tupu’, na kitenzi chake ‘kutamani fahari tupu’. Wako watakaotukumbusha kwamba fahari ni neno la sifa, na kwamba fahari wawili hawakai zizi moja. Ni kweli, ndiyo maana tumeliwekea tupu mbele yake, kama Wachina walivyoliwekea utukufu wao “heoi”.